Umemaliza Chuo na Umerudi Kigoma: Mwongozo wa Kujiandaa Kuomba Kazi

Kila mwaka, mahafali ya vyuo yanapomalizika, vijana wetu hurejea Kigoma kwa treni na kwa mabasi, na baada ya wiki chache huanza kuingia katika steshenari yangu hapa Mwanga, kila mmoja na bahasha yake ya kaki mkononi, wakiuliza swali lilelile: "Kaka, nianzie wapi?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni afadhali niliandike jibu mara moja, ili atakayekuja kesho nimpe karatasi asome huku nikiendelea kudurufu.

Mimi si mwajiri wala sikai katika jopo la usaili. Kazi yangu ni kuskani vyeti na kuwasaidia watu kujaza maombi. Hata hivyo, nikiwa mezani hapa nimeona kwamba wengi wanaokosa kuitwa hawakukosa kwa sababu ya ufaulu wao. Walikosa kwa sababu tangazo lilitoka, siku zake zikaanza kuhesabika, na wao ndipo wakaanza kutafuta cheti cha kuzaliwa. Tangazo la kazi serikalini kwa kawaida hukaa wazi kwa muda wa wiki 2 hivi, na nyaraka nyingi nitakazozitaja hazipatikani ndani ya muda huo kwa mtu ambaye hajaanza kuzifuatilia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya kabla tangazo halijatoka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi mahali pamoja, na kile usichonacho kiandike pembeni ili ujue pa kuanzia:

- cheti halisi cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo;
- namba ya utambulisho wa taifa ya NIDA, yenye tarakimu 20, hata kama kadi yenyewe bado hujaipata;
- vyeti halisi vya kidato cha nne, na vya kidato cha sita kama ulipita huko;
- cheti cha chuo pamoja na transkripti yake;
- leseni au cheti cha usajili wa bodi, kama taaluma yako inasimamiwa na bodi au baraza;
- laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe;
- picha ndogo ya pasipoti ya karibuni;
- daftari moja la kuandikia kila unachoomba;
- fedha kidogo za kudurufu, za wakili na za bando.

Hatua ya 1: Tandaza vyeti vyote na usome majina herufi kwa herufi

Hatua hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayowaliza watu. Weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na kadi ya NIDA vikiwa sambamba mezani, kisha pitisha kidole kwenye kila jina. Usisome kama unavyolifahamu jina lako, soma kilichoandikwa.

Mwaka juzi alikuja dada mmoja mwenye stashahada, amejaza kila kitu vizuri, akitaka nimskanie tu. Nikamwonyesha kwamba cheti cha kuzaliwa kilisema Ramadhani na cha kidato cha nne kilisema Ramadhan. Akacheka. "Kaka, kwa 'i' moja tu?" Ndiyo, kwa "i" moja tu. Babu yake ni yuleyule, lakini mtu wa mahali pengine anayelinganisha karatasi zako hamjui babu yako. Wapo pia wenye majina matatu kwenye cheti kimoja na mawili kwenye kingine, wenye jina la ubatizo lililoingia chuoni baada ya kukosekana sekondari, na wenye mwaka wa kuzaliwa uliobadilika njiani.

Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili ukiwa na nyaraka zote, umwonyeshe, umwombe akueleze kama tofauti hiyo inatosha kuwekewa hati ya kiapo au inahitaji hati ya kubadili jina. Hati ya kubadili jina huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwa hiyo haimalizwi kwa mchana mmoja. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili serikalini yamekuwa yakisema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na uthibitisho wa kisheria. Kijana anayesoma sharti hilo akiwa tayari ameitwa hulifanyia kazi kwa pupa na kwa gharama kubwa. Wewe ulifanyie kazi sasa.

Tahadhari: usikubali mtu yeyote akurekebishie herufi kwenye nakala kwa kompyuta. Nimeombwa kufanya hivyo mara kadhaa na nimekataa kila mara. Hiyo ni kughushi, hata kama jina unalolisahihisha ni lako kweli.

Hatua ya 2: Maliza suala la NIDA, na usilichukulie la kawaida kwa sababu uko Kigoma

Sisi ni watu wa mpakani. Burundi iko karibu, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na familia nyingi zina ndugu pande zote mbili. Kwa sababu hiyo, maswali ya uraia wakati wa kujisajili NIDA huwa mengi na mazito hapa kuliko anavyoulizwa mwenzako aliyesoma nawe akiwa wa mkoa wa katikati ya nchi. Linachosha, na wakati mwingine linaudhi, hasa kwa Muha ambaye mababu zake wote wamezikwa Kasulu au Buhigwe. Lakini kuudhika hakukupatii namba.

Nenda ukiwa umekamilika: cheti chako cha kuzaliwa, vyeti vya shule, vitambulisho au vyeti vya kuzaliwa vya wazazi kama vipo, na fomu iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji unakofahamika. Kama wazazi hawana vyeti, zungumza na mtendaji mapema kuhusu uthibitisho mwingine unaokubalika, na ikibidi nenda na mzee wa familia anayeweza kueleza nasaba bila kubabaika. Taarifa zote utakazotoa, kuanzia jina la mama hadi shule ya msingi, zinakiliwe kwenye daftari lako, kwa kuwa mifumo mingine inaweza kukuuliza taarifa hizohizo baadaye ili kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe.

Hatua ya 3: Chukua vyeti vyako chuoni

Wapo wanaoondoka chuoni bila kukamilisha fomu ya kumaliza madeni kwa sababu walidaiwa kitabu kimoja cha maktaba au sehemu ndogo ya ada. Miaka miwili baadaye hulazimika kusafiri hadi Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam kwa ajili ya deni hilohilo. Kama bado unadaiwa, omba namba ya malipo, lipa, kisha uliza ofisi ya taaluma kama unaweza kumwandikia mtu barua ya kukuchukulia au ni lazima ufike mwenyewe.

Usitegemee hati ya matokeo ya muda. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha usaili wa kazi za serikali, huandika bila kuficha kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, pamoja na matokeo ya muda ya chuo, hazikubaliwi. Aliyesoma nje ya Tanzania, na hapa Kigoma tunao waliosoma Bujumbura na Uganda, anatakiwa awe na uthibitisho wa ulinganifu: TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa shahada, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa astashahada na stashahada, NECTA (baraza la mitihani) kwa elimu ya sekondari.

Wale wa taaluma zenye bodi waanze usajili mara moja. Muuguzi bila leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga hataajiriwa, hata awe na alama gani. Mhandisi mhitimu aulizie Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuhusu mafunzo yake ya vitendo kwa wahitimu, na wa ununuzi na ugavi aulizie PSPTB, bodi ya taaluma hiyo.

Hatua ya 4: Fungua barua pepe yako mwenyewe

Jambo hili ni dogo, nami nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu kosa lake nililifanya mimi mwenyewe. Zamani nilikuwa nikiwafungulia wateja barua pepe kwa kutumia simu yangu, ili kuokoa muda, na nywila nikaiandika kwenye kaunta book ya dukani. Simu ile iliibiwa sokoni. Watu kadhaa hawakuweza tena kuingia kwenye akaunti zao za maombi, na mmoja wao aligundua kwamba aliitwa kwenye usaili siku 9 baada ya usaili kupita. Niliomba radhi, lakini radhi haikumrudishia nafasi.

Kwa hiyo tumia simu yako, laini yako, na jina lako halisi. Anwani ya utani uliyopewa bwenini haifai kusomwa na mwajiri. Nywila iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, na usiiache kwa mtu wa steshenari, hata kama mtu huyo ni mimi.

Hatua ya 5: Nakala, muhuri wa wakili na kuskani

Durufu kila cheti nakala 3 au 4, kisha zipeleke pamoja na vyeti halisi kwa wakili ili azithibitishe. Wakili mwaminifu atataka kuona cheti halisi. Anayegonga muhuri bila kutazama anakuuzia wino. Ukishapata muhuri, skani nakala hizo kwa mashine, si kwa kamera ya simu. Nimeletewa cheti kilichopigwa picha juu ya mkeka, miraba ya mkeka ikionekana pembezoni na kidole gumba kikifunika mwaka wa kuhitimu.

Hifadhi kila cheti kama faili la PDF linalojitegemea, ulipe jina linaloeleweka, kwa mfano "cheti_kidato_cha_nne", na uhakikishe ukubwa wake hauzidi kiwango kilichotajwa na mfumo. Weka seti moja kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe yako. Vyeti halisi virudi kwenye bahasha, na bahasha iingie kwenye mfuko wa plastiki. Masika ya huku hayana simile.

Hatua ya 6: Andika CV na barua ya maombi

CV ya mhitimu mpya haihitaji kurasa 6. Kurasa 2 zinatosha: majina yaleyale ya kwenye vyeti, anwani inayotumika, namba za simu zinazopatikana, elimu kuanzia ya karibuni, mafunzo kwa vitendo, ujuzi, lugha na wadhamini 3.

Sehemu ya mafunzo kwa vitendo ndiyo utajiri wako, na wengi huimaliza kwa mstari mmoja: "Nilifanya mafunzo katika ofisi ya halmashauri." Ulifanya nini? Kama ulikuwa masjala, eleza kwamba ulipokea barua, ukaziandika kwenye rejista na kuzifungulia majalada. Kama ulikuwa hospitalini, taja wodi na kazi ulizozifanya chini ya usimamizi. Na kama baada ya chuo umekuwa ukimsaidia shangazi kuuza dagaa Kibirizi huku ukimtunzia daftari la mapato na madeni, hiyo ni kazi ya kutunza hesabu. Iandike kwa heshima yake.

Kwenye lugha, usikione Kiha kuwa kitu cha kuficha. Mzungumzaji wa Kiha huelewana na Mrundi bila taabu kubwa, na mashirika yanayohudumia wakimbizi pamoja na watu wa forodha bandarini wanalijua hilo. Kifaransa, hata kile cha kuombea maji, kitaje kwa kiwango chake cha kweli.

Wadhamini wawe watu wanaokujua kikazi au kitaaluma: mhadhiri, msimamizi wako wa mafunzo, mkuu wa ofisi uliyojitolea. Baba mzazi si mdhamini. Wapigie kwanza, waombe ruhusa, kisha uhakikishe namba ulizoandika bado zinaita.

Barua iandikwe upya kwa kila nafasi, itaje cheo kama kilivyo kwenye tangazo, na iwe na saini yako ya kalamu kabla ya kuskaniwa. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni barua ya kunakili kutoka kwa rafiki: mwombaji anaomba kazi hospitalini, aya ya pili inasema ana shauku ya kuitumikia benki.

Hatua ya 7: Jaza akaunti ya Ajira Portal kabla hujaona tangazo

Ajira Portal ni mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi serikalini, na kujisajili ni bure. Jaza sehemu zote: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, uzoefu, mafunzo, kompyuta, lugha, wadhamini na viambatisho. Kuwa makini sana unapochagua jina la kozi yako, kwa sababu mfumo huchuja kwa kozi. Aliyesoma usimamizi wa kumbukumbu akichagua utawala kwa kuwa ndilo jina lililotokea kwanza, nafasi za masjala zitampita. Sehemu ya mahali unapoishi sasa nayo isasishwe, kwa kuwa usaili wa mchujo wa kada nyingine umekuwa ukifanyika mikoani. Ukiwa umerudi Kigoma lakini akaunti bado inasema Dar es Salaam, nauli itakuwa yako.

Tangazo likitoka, soma sifa zote kabla ya kubofya. Usisubiri siku ya mwisho; jioni ya siku hiyo watu wa nchi nzima huwa wameingia kwa pamoja, na umeme wetu nao una siku zake.

Hatua ya 8: Tafuta pia nje ya serikali, hapahapa

Wengi hufanya kana kwamba mwajiri ni serikali peke yake. Kigoma kuna bandari inayopitisha mizigo ya Kongo na Burundi, na kwa hiyo kuna mawakala wa forodha na maghala. Kuna ujenzi wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kuna chumvi Uvinza, kuna mashirika yanayofanya kazi na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ingawa ajira za mashirika hupanda na kushuka kulingana na wafadhili. Vilevile kuna shule na zahanati za binafsi, vyama vya akiba na mikopo, na biashara za mawese na dagaa zinazohitaji mtu wa hesabu. Baadhi ya nafasi hizi hutangazwa kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa hiyo pita mwenyewe. Fungua pia akaunti katika mfumo wa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ambao una mpango wa kuwaunganisha wahitimu na nafasi za utarajali.

Kama unaenda kujitolea, omba barua inayoonyesha tarehe ya kuanza na majukumu yako, na utakapoondoka omba nyingine ya kuthibitisha. Miezi 8 ya kujitolea isiyo na karatasi ni vigumu kuithibitisha.

Hatua ya 9: Jiandae kwa usaili

Usaili wa serikali huanza kwa mchujo wa maandishi. Kada nyingine hufuatiwa na vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Usikeshe ukikariri majina ya mawaziri. Chukua orodha ya majukumu iliyomo ndani ya tangazo, na kwa kila jukumu jiulize: linafanywaje, kwa sheria au mwongozo upi, na likiharibika nini hufuata. Mwombe mwenzako akuulize kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Siku ya usaili nenda na vyeti halisi, si nakala, pamoja na kitambulisho. Gharama za nauli, chakula na malazi ni juu yako, na safari ya basi kutoka hapa hadi Dodoma hula siku nzima au zaidi. Panga ufike siku moja kabla. Aliyeshuka kituoni saa 12 asubuhi na kuingia chumba cha mtihani saa 2 akiwa na vumbi la njiani amekwisha kujipunguzia alama.

Mambo yakikwama

*Cheti cha kidato cha nne kimepotea.* Toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, tangaza gazetini, kisha wasilisha maombi NECTA. Huchukua muda, kwa hiyo usingoje uitwe usaili.

*Mfumo unakataa namba ya NIDA au unaonyesha jina tofauti.* Tatizo halipo Ajira Portal, lipo kwenye kumbukumbu za NIDA. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na cheti cha kuzaliwa, uombe marekebisho.

*Umeomba mara 10 na hujaitwa hata mara moja.* Ingia kwenye akaunti usome sababu iliyoandikwa kwenye kila ombi. Mara nyingi ni kiambatisho kisichosomeka, barua isiyo na saini, cheti kisichothibitishwa au kozi iliyochaguliwa vibaya. Rekebisha hilo moja kabla ya ombi la 11.

*Umepigiwa simu uambiwe utume fedha ya kufungulia faili.* Kata simu. Hakuna ada ya kuomba kazi serikalini wala ya kupangiwa kituo. Mtu huyo hutaja jina lako kamili na kozi yako kwa sababu majina ya walioitwa hutangazwa hadharani, si kwa sababu anafanya kazi huko.

*Unadaiwa na Bodi ya Mikopo na unaogopa kuajiriwa.* Mwajiri atakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Usimfiche, mjulishe unapojaza fomu za kuanza kazi.

*Umefaulu usaili lakini hukupangiwa kituo.* Waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ikipatikana wanaweza kuitwa bila usaili mpya. Endelea kuomba kwingine, fungua barua pepe yako kila wiki, na usibadilishe laini ya simu. Kama ni lazima uibadilishe, ingia kwenye akaunti usahihishe namba siku hiyohiyo.